Boti ni ya Nani?

Nilizaliwa Russia. Mtu wa Kisumu hashtuki akisikia hivyo, kwa sababu nusu ya mtaa wetu walizaliwa hukohuko. Kwa nyinyi wa Nairobi na Mombasa: Russia ni hospitali. Jina lake rasmi ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, lakini ukianza kumtajia mtu wa boda jina lote hilo mtakuwa mmefika kabla hujalimaliza. Unasema "Russia", unapanda, basi. Miaka mingi sikuwahi kujiuliza kwa nini hospitali ya Kisumu ina jina la nchi yenye theluji. Ni kama vile hujiulizi kwa nini jirani yako anaitwa Sunday.

Nilianza kujiuliza Februari mwaka huu, na sababu haikuwa hospitali. Ilikuwa boti.

Mama yangu anauza omena kwenye ufuo mmoja upande wa Dunga. Anauza kwa gorogoro kwa watu wa mtaani na kwa beseni kwa wachuuzi. Yeye na wenzake wanane wana chama, na baada ya miaka kadhaa ya kuweka kidogo kidogo walifikisha pesa ya kununua boti, nyavu na taa. Kabla hata fundi hajakata ubao wa kwanza walishakosana. Mama akanipigia simu usiku.

"Nyathina, wewe ulisoma. Kuja utuandikie katiba ya hii kitu."

Nilisoma uchumi hadi mwaka wa tatu, karo ikanishinda, nikatoka. Siku hizi naandika chochote kinacholipwa, kuanzia maelezo ya viatu vya mtandaoni hadi hotuba za watu wa harusi. Lakini kwa mama, mtu aliyefika mwaka wa tatu ni profesa ambaye bado hajaletewa karatasi zake.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mambo matatu. La kwanza: mapato yagawanywe sawa kwa wote tisa, ama kila mtu apate kulingana na alichoweka? Mweka hazina alikuwa ameweka karibu mara mbili ya mama. La pili: boti iandikishwe kwa jina la nani? La tatu, ambalo ndilo lililowatoa machozi: mmoja akitaka kutoka, anaweza kuuza fungu lake kwa mtu wa nje, tuseme mwanaume mwenye pesa anayetafuta boti ya sita?

Ili uelewe uzito wa hayo lazima ujue jinsi samaki wanavyogawanywa. Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku usio na mwezi, wanawasha taa, omena wanaufuata mwanga, nyavu inavutwa. Asubuhi wakirudi, kwanza yanatolewa matumizi: mafuta, chakula, taa. Halafu boti inachukua fungu lake. Halafu nyavu nayo inachukua fungu lake. Kinachobaki ndicho wanachogawana watu waliokesha kwenye maji. Ziwani wanasema boti inakula, na kweli inakula kila siku, bila tumbo, na mwenyewe amelala nyumbani na blanketi. Darasani nilifundishwa neno mtaji kwa michoro yenye mistari inayokatana. Mama alikuwa analijua tangu akiwa na miaka ishirini, kwa kuangalia kitu cha mbao kikila.

Na huyo mwenye boti, ama nahodha wake, ndiye anayeamua asubuhi ni mwanamke yupi atapata samaki wa kuuza na yupi atarudi na beseni tupu. Hapo ndipo lilipotoka neno jaboya. Kwa asiyejua: jaboya ni mvuvi anayemuuzia mwanamke samaki kwa sharti la kumpata na yeye pia. Kila mtu wa ufuoni anajua. Mama hajawahi kulizungumzia mbele yangu, na mimi sijawahi kumwuliza. Kwa hiyo aliposema "tunataka boti yetu", sikusikia biashara peke yake.

Nikaanza kutafuta mifano ya katiba za vikundi. Usiku wa tatu nikajikuta niko mwaka 1965.

Kama ulifanya historia ya Kidato cha Nne unakumbuka ile mada ya falsafa za kitaifa: Ujamaa wa Kiafrika, Harambee, Nyayo. Eleza sifa tano. Tulizikariri kama beti za wimbo wa shule, usawa wa kisiasa, kuwajibikiana katika jamii, nafasi sawa kwa wote, nikapata alama zangu na nikasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba nyuma ya hizo sifa tano kulikuwa na ugomvi mkali, na kwamba watatu kati ya waliogombana walikuwa watu wa ziwa hili letu. Mmoja wa Bondo, mmoja wa Rusinga, mmoja wa Kogelo. Ukiwa na boti nzuri na upepo ukikukubali, unaweza kuzunguka pwani zao zote.

Nianze na wa Bondo. Jaramogi Oginga Odinga anakumbukwa kama mtu wa Moscow na Peking, mkomunisti wa Kenya. Ukisoma alikoanzia unakuta kitu tofauti kabisa: alikuwa mwalimu wa Maseno aliyeacha chaki akaanzisha kampuni. Luo Thrift and Trading Corporation iliandikishwa mwaka 1947. Kampuni hasa, yenye hisa. Odinga alizunguka akiwauzia hisa Waluo popote walipokuwa wameajiriwa, nyumbani na katika miji ya mbali iliyofikiwa na reli, mtu wa mshahara mdogo kwa mtu wa mshahara mdogo. Pesa hizo zikafungua maduka, zikajenga Ramogi House hapa Kisumu, zikaanzisha kiwanda cha kuchapa magazeti Nairobi.

Kisumu ya wakati huo uiweke kichwani. Reli ilikuwa imefika ziwani mwaka 1901, na pamoja nayo kodi ya nyumba, ambayo mtu alilazimika kuilipa kwa pesa, na pesa zilikuwa kwenye mashamba ya walowezi. Maduka ya mjini yalikuwa ya Wahindi, ofisi zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika alikuja mjini kubeba. Watu hawakukaa kimya. Desemba 1921 huko Lundha, Gem, walianzisha harakati iliyojulikana kama Piny Owacho, yaani nchi imesema, dhidi ya kodi, kipande na kazi za kulazimishwa. Padri mkubwa wa Kianglikana, Archdeacon Owen, akaingia kati, na kufikia 1923 harakati ikawa chama cha ustawi cha walipa kodi, ambacho wanachama wake waliahidi kupanda miti, kuua panya na kuchimba vyoo. (Sina neno baya na vyoo. Lakini fikiria umeenda kudai nchi ukarudishwa nyumbani na jembe la kuchimbia choo.)

Kwa hiyo Odinga alipojenga jumba katikati ya mji kwa hisa za makarani na wapishi, alikuwa anajibu swali lililokuwa limekaa zaidi ya miaka ishirini. Alitaka watu waone kwa macho kwamba kitu kikubwa kinaweza kuwa chao bila kuwa cha mtu mmoja. Je, kampuni iliwatajirisha wanahisa? Hapana, ilihangaika. Na familia yake leo haihesabiwi miongoni mwa maskini, hilo Kisumu nzima inalijua na hatuhitaji mtu wa Nairobi kutukumbusha. Lakini wazo lilikuwa limeshashika mizizi, na Odinga alilibeba hadi serikalini, akiwa Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya.

Wa Rusinga ni Tom Mboya. Hapa ndipo historia yetu inapochekesha: mwanzilishi wa kampuni akaitwa mkomunisti, na kiongozi wa wafanyakazi ndiye aliyesimamia waraka uliofungua mlango wa ubepari. Mboya alizaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa kibarua. Akawa mkaguzi wa afya Nairobi, halafu katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi akiwa na miaka ishirini na tatu. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, yeye ndiye aliyewasaidia kupata nyongeza. Huyu mtu alijua mshahara ni nini.

Mwaka 1965, akiwa Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi, alisimamia kuandikwa kwa Waraka wa Serikali Nambari 10, juu ya Ujamaa wa Kiafrika na jinsi utakavyotumika katika mipango ya Kenya. Ulitoka miezi miwili hivi baada ya damu kukauka: Pio Gama Pinto, rafiki wa Odinga na mpangaji mkuu wa mrengo wake, alipigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari mwaka huohuo.

Nilikuwa nimejiandaa kuuchukia ule waraka. Nikausoma wote, na lazima niseme ukweli, mtu aliyeuandika hakuwa mjinga. Unasema Kenya haitafuata Marx wala ubepari wa kila mtu na lwake. Unasema mila ya Kiafrika ilikuwa na usawa wa kisiasa na kusaidiana. Kuhusu kutaifisha, hoja yake ni ngumu kuipangua: nchi ina pesa chache, ukizitumia kuwalipa fidia wenye viwanda umenunua viwanda ambavyo tayari vipo, na hujamwongezea mtu yeyote kazi. Ongeza mali kwanza, kisha tutagawana. Ukiwa na njaa hoja hiyo inaingia kichwani haraka. Hata mweka hazina wa chama cha mama anaisema, kwa maneno yake: boti kwanza, kelele baadaye.

Halafu ukafika aya ya 133. Hapo waraka unaeleza kwamba ili uchumi ukue upesi, pesa za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, na penye watu walio tayari kwa maendeleo. Wengine watafaidika baadaye na kile kitakachozidi. Sasa jiulize, mwaka 1965, barabara na umeme vilikuwa wapi? Vilikuwa pale mkoloni alipoviweka, kandokando ya reli na kwenye mashamba ya walowezi. Ni kama kusema aliyeshiba apakuliwe kwanza kwa sababu ana nguvu ya kutafuna. Na aliyesimamia hilo alikuwa mtoto wa Rusinga, kisiwa ambacho wakati huo ulikifikia kwa boti tu, hakuna barabara iliyovuka.

Wa tatu alikuwa rafiki wa Mboya, kijana wa Kogelo aliyerudi na digrii ya Harvard na mdomo usiojua kunyamaza. Jina lake Barack Obama. Ndiyo, baba yake. Julai 1965 alichapisha makala katika jarida la East Africa Journal juu ya matatizo ya ujamaa wetu, akaupitia waraka wa serikali kama mwalimu mwenye wino mwekundu. Aliuliza vitu ambavyo wizara nzima haikuwa imeuliza. Huu Ujamaa wa Kiafrika mbona hamjausema ni nini hasa? Uchumi wote uko mikononi mwa wageni, mnaukuza kwa faida ya nani? Serikali ilitaka kila mtu apate hatimiliki ya shamba lake mwenyewe, njia iliyokuwa imeanza na mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Obama akasema kama kweli mnajivunia mila, basi ardhi iunganishwe kwa njia ya ushirika wa ukoo badala ya kumkatia kila mtu kipande. Akaongeza kwamba kinadharia hakuna kinachoizuia serikali kutoza hata asilimia 100 ya mapato, mradi watu wapate huduma zinazolingana na wanachotoa. Mwaka 2008 mwanawe akigombea urais wa Marekani, makala hiyo ilifukuliwa na wapinzani wakaipeperusha kama ushahidi wa dhambi ya kurithi.

Niliyasoma haya saa nane usiku, simu ikiwa na chaji ya asilimia sita, na nikaona aibu kidogo. Miaka mitatu nikisomea uchumi, mita chache kutoka ziwani, na hakuna siku niliyosikia kwamba mtu wa Kogelo aliubishia waraka wa mtu wa Rusinga kuhusu jambo ambalo mama yangu analibishania ufuoni kila asubuhi.

Jibu la serikali halikutoka kwa wachumi. Lilikuwa limeshatolewa Kandara, Aprili 1965, kwenye mkutano wa hadhara. Bildad Kaggia, mbunge wa pale, alikuwa anadai ardhi igawiwe waliopigania uhuru bila malipo. Mzee Kenyatta akamgeukia mbele ya watu wake. Akamhesabia wenzao waliofungwa pamoja baada ya kesi ya Kapenguria: huyu ana nyumba nzuri, yule ana mabasi, yule ana shamba. Wewe Kaggia, umejifanyia nini? Sidhani kuna waraka wowote uliowahi kuieleza itikadi ya Kenya kwa ufupi kuliko swali hilo. Uhuru ukawa kitu unachoonyesha kwa risiti. Na ukitembea mitandaoni leo, ukiwasikia watu wa rika letu wakiulizana nani ana gari na nani bado anakaa kwao, ni Kandara tu, imepata intaneti.

Mengine yalikwenda mbio. Machi 1966 mkutano wa KANU kule Limuru ukakivunja cheo cha Odinga cha makamu wa rais wa chama na kukigawa kwa watu wanane, mmoja kila mkoa. Aprili akajiuzulu serikalini, akaongoza KPU, na Kaggia na Achieng' Oneko wakawa naye. Sheria ikabadilishwa haraka ili wabunge waliohama warudi kwa wapiga kura. Juni KPU ikapata viti 9 kati ya 29. Mwaka 1967 Odinga akatoa kitabu chake, Not Yet Uhuru, na jina lake lilimaliza kazi kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya naye akapigwa risasi, mchana, akitoka duka la dawa Nairobi. Kaburi lake Rusinga limejengewa jumba lenye umbo la risasi. Nimelitembelea. Unaingia ndani ya risasi kusoma habari za mtu aliyeuawa kwa risasi, na mlinzi anakukumbusha uandike jina kwenye kitabu cha wageni.

Na sasa Russia. Mwaka 1964 Odinga alikwenda Moscow na kurudi na ahadi za miradi mingi. Hospitali ya Kisumu ndiyo iliyosimama na kubaki. Tarehe 25 Oktoba 1969, miezi mitatu na nusu baada ya Mboya kuuawa, Kenyatta alikuja kuifungua. Mji ulikuwa bado una msiba. Watu walimzomea, yeye na Odinga wakarushiana maneno hadharani, Mzee akatukana, walinzi wakafyatua risasi kwa umati. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa. Kisumu haijawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku tano baadaye KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Odinga alitoka mwaka 1971.

Dani yangu alikuwa hapo. Alikuwa na miaka kumi na saba, alikuwa ameenda kumwona Rais. Katika maisha yake yote nimemsikia akisimulia sentensi moja tu: "Tulirudi nyumbani bila viatu." Miaka michache baadaye alirudi kwenye lango lilelile kumzaa mama, na mama naye akarudi kunizaa mimi.

Aya ya 133 iliendelea na kazi yake bila kelele. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 iliiweka Nyanza kati ya maeneo yaliyotengwa kiuchumi. Siilaumu aya hiyo kwa kila kitu. Kuna mtihani mmoja niliuanguka mwenyewe, kwa mikono yangu. Lakini nilipokuwa natafuta karo nilihesabu ni watu wangapi katika ukoo wetu wana hati ya ardhi ambayo mtu anaweza kuichukulia mkopo wa maana. Nilitumia mkono mmoja, na vidole vikabaki.

Kwa wiki mbili niliona nimepata jibu la mama. Obama alikuwa ameshinda, si ndiyo? Ushirika, mali ya pamoja, mila yetu wenyewe. Nikashuka ufuoni na daftari, nikamkuta akianika omena, nikamweleza kwa bidii yote: ardhi ya ukoo, ushirika wa ukoo, kila mtu ana sehemu yake na hakuna wa kuuza.

Alinisikiliza huku akigeuza omena kwa kiganja.

"Ukoo wa nani?" akauliza. "Wa baba yako ama wa baba yangu?"

Nikanyamaza. Baba alikuwa na boti. Nilikuwa darasa la sita alipofariki, na wiki mbili baada ya mazishi wadogo zake wakaja, wakakaa, wakaongea vizuri sana, wakaondoka na boti. Ilikuwa mali ya ukoo, walisema. Kwao mama ni mke aliyekuja. Kwa babu yake ni binti aliyeondoka. Kwa hiyo ile mali ya wote ilikuwa ya wote isipokuwa yeye.

Nilirudi kwenye vitabu nikiwa na hasira, na sasa nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Hisa za Odinga ziliuzwa kwa watu wenye mshahara, na mwaka 1947 wengi wao walikuwa wanaume. Mboya alihesabu nguvu kazi, Obama akahesabu koo, Kenyatta akahesabu mabasi ya marafiki zake. Walibishana kwa akili nyingi, wengine kwa gharama ya maisha yao, kuhusu nani amiliki nchi, na mwanamke mwenye beseni ufuoni hakuingia kwenye hesabu ya yeyote kati yao. Bado naamini Odinga na Obama walikuwa wanauliza swali lililo sahihi kuliko wengine. Ila waliliuliza wakiwa wamekaa upande wa boti.

Wapo waliolijibu karibu na hapa. Mwaka 2011, Nduru, upande wa Nyakach, wanawake waliochoshwa na jaboya walisaidiwa kupata boti zao wenyewe. Wakaajiri wanaume wavue, na samaki wakija wanakuja kwa mwenye boti, naye ni mwanamke. Kwa muda ilifanya kazi, mambo yaligeuka kweli. Halafu mbao zikaanza kuoza kama mbao zinavyooza, matengenezo yakawa ghali, na mwaka 2020 ziwa likapanda likameza kijiji. Nilimweleza mama nikidhani atakata tamaa. Akauliza waliweka pesa kiasi gani kando kwa ajili ya matengenezo. Tukaliandika, kifungu cha nne: kabla boti haijala, mbao zile kwanza.

Omena ilifungwa Aprili kama kila mwaka, hadi mwisho wa Julai, tukapata miezi minne ya kubishana bila kazi. Nimekaa kwenye mikutano mingi kuliko mbunge. Mweka hazina alitetea hisa zake kama Mboya mwenyewe: kama mimi niliyeweka zaidi sipati zaidi, mwaka kesho nani ataweka zaidi? Mwanamke mmoja, mkubwa kuliko wote, akamjibu kwamba yeye aliweka kidogo kwa sababu alikuwa anazika, na kifo hakiombi ruhusa kwa chama. Ilichukua Jumapili tatu. Mwishowe wakakubaliana kwamba kila mtu atarudishiwa kwanza alichoweka, kwa kiwango chake, na baada ya hapo fungu la boti litakatwa mara tisa sawasawa. Kura moja kwa kila mtu. Kutoka unaruhusiwa, lakini fungu linauzwa kwa chama na si kwa mtu mwingine yeyote, na ukifa linakwenda kwa mtoto utakayemtaja kwa maandishi, awe wa kike ama wa kiume. Mama ndiye aliyesema kifungu hicho nikiandike kwa herufi kubwa.

Ikabaki la jina. Fomu tuliyopewa ya kuandikisha boti ilikuwa na mstari mmoja wa jina la mwenyewe. Mmoja. Nikawaambia tunaweza kuweka jina la mwenyekiti kwa sasa, ni karatasi tu. Waliniangalia kama nimewatukana.

Kwa hiyo tuliandika yote. Nilitumia kalamu yenye ncha nyembamba, herufi ndogo kama za barua ya kwanza ya mapenzi. Majina manne yakaingia kwenye mstari, matatu yakapanda pembeni, la nane likageuka kona. La mama likawa la mwisho, nyuma ya karatasi, peke yake, na mshale kutoka mbele kuonyesha kwamba linaendelea huko. Aliyeipokea aliigeuza, akaigeuza tena, akaiweka kwenye trei. Fundi ameshaanza kupaka lami.